Simba wa Singida, Mizimu ya Sekenke

Kila dereva wa lori niliyemuuliza habari za Shelui alianza na Mlima Sekenke. Mmoja wao, tuliyekunywa naye chai kwa mama ntilie nje ya stendi ya Singida mjini, aliweka kikombe chini ili mikono yote miwili ipate nafasi ya kusimulia. Enzi za barabara ya vumbi, alisema, lori lenye shehena lilipanda ule mlima kwa gia ya kwanza, likinguruma na kujikongoja, na vijana walitoka vichakani wakaparamia nyuma, wakachana turubai na kudondosha mifuko ya sukari mmoja baada ya mwingine. Dereva hana habari mpaka afike juu ahesabu mzigo.

"Na utingo wako muda wote huo anafanya nini?" nikamuuliza.

"Utingo kajifunika blanketi."

"Hashuki kuangalia?"

"Ashuke wapi, kaka? Pale usiku kuna mama wa shuka jeupe."

Mama wa shuka jeupe nimewahi kusimuliwa kwenye kona kali na madaraja kadhaa ya nchi hii. Kilichonivutia kwa huyu wa Sekenke ni kazi anayoifanya. Dereva anayemwogopa hasimami, utingo anayemwogopa hashuki, na wezi wanamaliza shughuli yao kwa raha zao. Ningekuwa jambazi wa mlima ule, mama huyo ningemwajiri mimi mwenyewe. Tangu lami ifike miaka ya 2000 malori yanapanda kwa kasi nzuri, na dereva alikiri kwamba siku hizi mama huyo haonekani sana. Ameadimika sawia na wizi.

Nilikuwa naelekea kuuona mgodi wa Sekenke, wilayani Iramba, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 1909 chini ya Wajerumani, na ambao miamba yake inachimbwa na wachimbaji wadogo hadi leo. Wageni wengi huenda kule kutafuta mali. Mimi nilikuwa na swali lililonikaa tangu niliposoma habari za mauaji ya zamani ya mkoa huu: kwa nini huku mtu akifa vibaya mshtakiwa wa kwanza huwa simba au mzimu, na ni nani anayepata nafuu mshtakiwa huyo akikubaliwa?

Sehemu ya jibu niliipata kabla sijapanda gari. Singida mjini imezungukwa na mawe makubwa ya itale yaliyorundikana, na upepo wake haujui kupumzika. Si mbali na Ziwa Singidani, nyuma ya nyumba iliyopangwa madumu ya mafuta ya alizeti, nilipelekwa kwa mzee mmoja wa Kinyaturu ambaye wajukuu zake walisema anazikumbuka nyakati za watu-simba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na serikali au umekuja mwenyewe?"

Nilipomhakikishia kwamba nimekuja mwenyewe alinisogezea kigoda. Alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Anakumbuka kwamba kina mama waliacha kwenda kisimani mmojammoja, kwamba wanaume walikwenda kuvuna uwele wakiwa na mikuki, na kwamba jua likikaribia kuzama mlango wa tembe ulifungwa hata kama ng'ombe mmoja hajarudi. Watoto walifundishwa namna ya kutofautisha. "Simba wa porini akikuona mchana anakukwepa," alisema. "Yule mwingine anakuita kwa jina."

Haya hayakuwa mazungumzo ya kutishia watoto walale mapema. Mwaka 1946 na 1947 wilaya ya Singida, wakati huo ikiwa ndani ya Jimbo la Kati lenye makao yake Dodoma, ilipata mfululizo wa vifo ambavyo hesabu yake kwa maofisa wa kikoloni ilipita watu 100. Mwanzoni vingi viliandikwa kuwa ni vya simba, na nani angebisha? Simba walikuwepo kweli, mashamba yalipakana na mapori, na maiti zilikuwa na makwaruzo. Polisi waliletwa, uchunguzi ukafanyika, na picha iliyojitokeza mahakamani ilikuwa ya watu waliovishwa ngozi za simba na kupewa silaha za kuacha alama za kucha, kisha wakatumwa kuua. Walikodishwa. Mwenye chuki alilipa, na mtu wake akafa kifo cha porini. Baadhi ya washtakiwa walihukumiwa kunyongwa. Visa vya aina hiyo vilikuwa vimeripotiwa tangu miaka ya 1920, na sheria ya uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado imo katika vitabu vyetu vya sheria, ilikuwepo tayari. Lakini huwezi kumshtaki simba kwa sheria yoyote, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wote.

Afisa wa kikoloni A. W. Wyatt aliyaandika mambo haya mwaka 1950 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Miaka kumi na mbili baadaye mwanaanthropolojia wa Kimarekani Harold Schneider, aliyekuwa ameishi na Wanyaturu, aliirudia kesi hiyo katika jarida lilelile na kuitaka itazamwe upya. Nimewasoma wote wawili kwa hamu, lakini mzee wa Singidani alinipa kitu ambacho hawa wawili hawakunipa kwa ufupi ule. Alisema waliokufa kijijini kwao, aliowajua kwa majina, kila mmoja alikuwa na ugomvi: huyu shamba, huyu ng'ombe wa mahari, yule mke mwenza. "Simba wa namna gani huyo," aliuliza, "anayejua habari za mirathi?"

Hapo inafaa niitaje Njombe, kwa sababu miaka ilikuwa karibu ileile. Kati ya 1932 na 1947 simba waliwala watu wa Ubena kwa wingi wa kutisha, na wananchi walikataa kuamini kwamba ni simba wa kawaida. Walisema ni simba wa kutumwa, na wengine hawakuthubutu hata kuwataja kwa sauti. Ndipo bwana nyama George Rushby na watu wake walipowasaka na kuua simba 15, na mauaji yakakoma. Kwa hiyo katika nchi moja, kizazi kimoja, Njombe walisema ni wachawi na kumbe walikuwa simba, na Singida walisema ni simba na kumbe walikuwa watu. Nadhani ndiyo maana kesi ya Singida inanitisha zaidi. Bunduki ya Rushby ilikuwa na mahali pa kuelekezwa.

Basi dogo aina ya Coaster la kuelekea Igunga lilijaa kwa taratibu zake, maana kondakta alikuwa anaamini kwamba kiti cha watu wawili kimeandikwa kwa ajili ya watu watatu. Kuku wa kienyeji wawili walisafiri chini ya miguu yangu wakiwa wamefungwa miguu, wakielekea sijui kwa nani. Njiani ni alizeti tupu, nyingine imeshavunwa, na kila penye matuta ya barabarani kuna chupa za mafuta zimepangwa kwenye meza. Tulipita Iguguno. Upande wa huko kuna Kinyangiri, ambako Waingereza walifikisha tawi la reli kutoka Manyoni katika miaka ya 1930, wakitegemea mizigo ya mashamba na migodi. Kabla ya muongo wa 1940 kwisha mataruma yalikuwa yameng'olewa. Reli iliyopo sasa ya Manyoni hadi Singida ilikuja baadaye sana. Misigiri tulishusha abiria wa Kiomboi, tukapandisha mama mmoja na magunia ya vitunguu, na muda si mrefu nchi ikakatika.

Ndivyo unavyoiona: uwanda wa Iramba unakwisha ghafla, na chini yake kuna bonde la Wembere limejinyoosha mpaka macho yanachoka. Kiangazi lile bonde ni jeupe kwa vumbi na chumvi, miti ni migunga na mitunduru, mito ni mchanga mtupu. Joto linakupokea kabla hujafika chini. Mlimani tulipishana na malori ya mafuta yaliyokuwa yanapanda yakielekea Singida, na abiria wa mbele wakaanza kuoneshana: pale lilianguka la fulani, pale lilianguka la saruji. Mama wa vitunguu alifumba macho. Nilidhani anasali, kumbe kalala.

Shelui ni mji wa madereva: nyama choma, gesti, mafundi wa matairi, na muziki usiozimwa. Kutoka hapo bodaboda alinipeleka mgodini kwa njia ya vumbi, kanga wakikimbia mbele yetu. Alikuwa kijana mdogo lakini alishawahi kushuka maduara matatu tofauti, yale mashimo ya wachimbaji, akaacha baada ya kuumwa kifua.

Sekenke haina mnara wala kibao kikubwa cha kukuambia umefika mahali pa historia. Unasikia kwanza makarasha, mashine za kusaga mawe, zikigonga kwa pamoja. Halafu unaona vilima vya kifusi, vingine vya juzi na vingine vimeota miti mikubwa, na hivyo vyenye miti ndivyo vya Mjerumani. Kuna misingi ya mawe na saruji ya zamani iliyomeguka, na mashimo ambayo wenyeji wamezungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasitumbukie. Nililala kifudifudi kwenye ukingo wa mojawapo. Hewa iliyotoka chini ilikuwa ya baridi na harufu ya popo. Ukuta wa shimo ulichongwa ukanyooka, alama za patasi bado zinaonekana mpaka pale mwanga unapoishia. Kijana wangu aliangusha jiwe. Tulilisikia likigonga mara kadhaa, kisha maji.

"Humo ndimo walimoziacha," alinong'ona, ingawa hakukuwa na mtu karibu.

Dhahabu ya hapa iligunduliwa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, na mmoja wa miamba yake ulipewa jina la Dernburg, waziri wa makoloni wa Ujerumani aliyeitembelea Afrika Mashariki mwaka 1907. Mgodi ulipoanza kazi, reli ya kati ilikuwa bado haijafika Tabora. Ilifika mwaka 1912. Kabla ya hapo kila chuma kilichoingia bonde hili kilikuja kwa nguvu za mabega na mikokoteni, na mabega hayo yalikuwa ya watu waliotakiwa kutafuta fedha ya kulipa kodi ya nyumba. Utawala huo wenyewe haukupokewa kwa vigelegele. Wanyaturu wanasimulia habari za Liti, mwanamke aliyewapiga askari wa Kijerumani kwa kuwafungulia nyuki, na uwanja wa mpira wa Singida mjini leo unaitwa kwa jina lake. Mimi ni mpenzi wa hadithi hiyo. Ndiyo pekee katika safari hii ambamo viumbe wa porini wanatajwa na wala hakuna muuaji anayejificha nyuma yao.

Vita vilipokuja mwaka 1914 koloni lilizingirwa na manowari za Waingereza, na kufikia 1916 fedha taslimu za kulipa askari na wauza chakula zilikuwa zimeadimika. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ilipogeuzwa kuwa kiwanda cha kupigia sarafu, chini ya Friedrich Schumacher, aliyekuwa mkuu wa mgodi wa Sekenke. Maganda ya risasi yaliyeyushwa yakawa heller za shaba ya manjano. Dhahabu ya Sekenke ikawa sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga mbele ya milima, mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Zilipigwa 16,198. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168, robo tatu yake ikiwa dhahabu, kwa hiyo zote kwa pamoja zilimeza kama kilo 87 za dhahabu safi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora.

Nimeyaweka mahesabu haya kwa makusudi, kwa sababu kila mtu niliyezungumza naye kuanzia Misigiri mpaka mgodini ana hakika kwamba Mjerumani alipokimbia alizika shehena. Wengine wanasema masanduku saba, wengine behewa zima. Yanalindwa na joka, au na askari wa zamani waliofukiwa wakiwa hai ili roho zao zibaki zamu. Lakini dhahabu iliyokuwa mkononi mwao mwishoni waliigeuza fedha na kuitawanya kwenye mifuko ya watu ili vita viendelee, na ile ya kabla ya vita ilishapanda meli. Huo ndio mchezo mzima wa mgodi wa koloni: mali inaondoka. Waingereza nao walikuja wakachimba kwa miaka, wakafunga, wakaenda zao. Ajabu ni kwamba hadithi ya masanduku yaliyozikwa inapendeza zaidi kuliko ukweli, maana ndani yake mali bado ipo, bado ni yetu, inangoja tu mtu mwenye dawa.

Na wenye dawa hawakosekani. Usiku ule, kwenye uwanja wa gesti ya Shelui, alinifuata mtu mzima mwenye koti, akaniita "mheshimiwa", akatoa kitambaa chekundu. Alikunjua mara nne. Ndani mlikuwa na sarafu iliyofubaa.

"Hii ndiyo ile ya tembo," alisema.

"Tembo yuko wapi?"

"Tembo huonekana kwa mwenye nyota. Mtu wa kawaida haoni."

Niliisogeza kwenye taa. Ilikuwa na taji la kifalme, na upande wa pili imeandikwa heller 1, mwaka 1913. Heller kama hizo zilipigwa kwa mamilioni, na bibi zetu walizitumia kununulia chumvi. Yeye alitaka shilingi milioni saba, kwa sababu, alieleza, ndani yake mna zebaki nyekundu, na ukiisogeza kwenye redio, redio inazima. Nikamwomba tujaribu. Akatoa simu yake yenye redio, ikiwa inaimba Bongo Fleva, akaweka sarafu juu. Muziki ukaendelea bila kukwaruza. Hakutetereka hata kidogo. Alisema uwanja ule una watu wengi, rupia haipendi macho, na kwamba kwa shilingi laki mbili za ubani na mbuzi angeweza kuifungua usiku huohuo.

Hapo ndipo penye wizi wenyewe, alinieleza mama mwenye gesti tulipobaki wawili. Milioni saba hazilipwi na mtu. Ni za kuvutia tu. Wanachokula ni hizo laki mbili, kisha laki tano za mganga wa pili, kisha nauli ya "mnunuzi" kutoka Dar es Salaam. Mwishoni wanatokea watu wenye pingu wanaojiita maofisa, wanamkamata kila mtu kwa kosa la kumiliki nyara za serikali, na mnunuzi analipa tena ili aachiwe. Amewahi kumlaza pale mstaafu mmoja aliyemaliza kiinua mgongo chake kwa mtindo huo. "Alikwenda kushtaki?" nikauliza. Mama akacheka kidogo. Mstaafu yule aliamini mpaka mwisho kwamba ni joka la Mjerumani ndilo lililokataa.

Asubuhi nilirudi kwenye makarasha. Kazi ya pale inaanza na kina mama wanaoponda mawe kwa nyundo mpaka yawe saizi ya njugu, wameketi chini ya vivuli vya magunia, watoto mgongoni. Jiwe likishasagwa unga unapita kwenye mwalo uliotandikwa vitambaa, vitambaa vinakung'utwa kwenye beseni, na mtu anamimina zebaki na kuichanganya kwa mkono mtupu. Nilimtazama kijana akikamua lile donge kwenye kipande cha nguo mpaka zebaki iliyozidi ikachuruzika, likabaki donge la rangi ya fedha lisilozidi punje ya maharage. Aliliweka kwenye kibati, akaliwashia moto wa gesi. Moshi ulielekea upande wetu na hakuna aliyesogea isipokuwa mimi. Rangi ikageuka taratibu, kijivu, kahawia, halafu njano. Dalali akaipima: pointi sita, yaani zaidi kidogo ya nusu gramu. Watano walikuwa wanaigawana, na mwenye karasha alikuwa ameshachukua chake kwa kubaki na marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa ambao yeye ataupeleka kuchenjuliwa tena kwa kemikali na huenda akapata zaidi kuliko wao wote.

Mmoja wa kina mama wale, mwenye sauti nzito na ulimi mwepesi, aliniuliza kama mimi ni mwandishi au mganga. Nikasema mwandishi. Akasema afadhali, waganga wametosha.

Kwa muda wa saa nzima nilikuwa nimesikia habari za kafara. Mgodi unaambiwa una mwenyewe. Dhahabu ikikata, mwenyewe anadai. Mtu akifa ndani, dhahabu itatoka. Mbele yetu palikuwa na duara lililotitia msimu wa mvua uliopita na kumfukia kijana mmoja. Wanaume watatu tofauti walinisimulia kwamba kijana yule alikuwa "amechaguliwa", kwamba usiku wa kuamkia siku ile aliota mwanamke mwenye shuka jeupe. Nikashtuka kumkuta tena mama wa mlimani, safari hii kashuka mpaka mgodini.

Imani hii ina historia mbaya kuliko ya duara moja. Kuanzia mwaka 2007 Tanzania ilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, hasa Kanda ya Ziwa na mikoa ya jirani, viungo vyao vikiuzwa kwa ahadi ya utajiri wa samaki na dhahabu. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto, kesi ya kwanza ya aina yake kufikia hukumu. Mtafiti Deborah Bryceson na wenzake, waliokuwa wamefuatilia maisha ya wachimbaji wadogo kwenye machimbo kama ya Londoni, upande wa kusini wa mkoa huu huu wa Singida, waliandika mwaka 2010 kuhusu biashara hiyo kati ya mganga na mchimbaji: mmoja anauza uhakika, mwingine ana kazi isiyo na uhakika wowote. Ukisoma waliyoandika ukiwa umetoka kuyasikia ya watu-simba, muundo unaufahamu. Kuna anayelipa, kuna anayetumwa, na kuna jina la kuficha wote wawili. Zamani jina lilikuwa simba. Sasa ni bahati, nyota, masharti ya mgodi. Katika vijiji vya Usukuma vikongwe wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe, na huko nako ukichunguza unaambiwa palikuwa na shamba.

Nikamuuliza mama yule kuhusu kijana wa kafara. Aliendelea kugonga mawe.

"Kafara gani? Matimba yalikuwa ya mitunduru, mabichi, membamba hivi." Akanionesha mkono wake. "Mvua ikanyesha siku tatu. Nilimwambia mwanangu asishuke, akanisikia. Yule mwenzake hakuwa na mama hapa."

Matimba ni magogo ya kuegemezea kuta na paa la duara. Miti mizuri imekwisha karibu na machimbo, inabidi iletwe na lori kutoka mbali, na lori linataka fedha kabla hata jiwe la kwanza halijatoka. Nilikwenda kumtafuta mwenye duara. Alikuwa mtu mwema kwa namna zote nilizoziona, alinikaribisha kiti, akaagiza soda, akamtaja marehemu kwa upole na kusema alichangia sanda na usafiri wa maiti. Polisi walifika, alisema, wakaandika ajali, na wazee wakamshauri achinje mbuzi mweusi kwenye mdomo wa duara kabla ya kulifungua upya. Alikuwa amechinja. Vijana walikuwa wanashuka kwa kamba wakati tunazungumza, taa zimefungwa vichwani kwa mipira.

Nilimuuliza mbuzi alimgharimu shilingi ngapi. Elfu themanini. Nilimuuliza lori la matimba ni shilingi ngapi. Akaangalia kule kwenye kamba, akasema inategemea na msimu, akaniuliza kama nimeshakunywa soda yangu.